Kucheza Ili Kutoa Stresi: Tumezipima Nyimbo Zinazojiita Dawa

Mwaka 1976 James Brown alitoa wimbo "Get Up Offa That Thing" na kuitaja dozi yake waziwazi ndani ya maneno: inuka hapo ulipokaa, cheza mpaka ujisikie nafuu, toa hicho kinachokubana. Tangu wakati huo ahadi hiyo haijawahi kutoka sokoni. Kila kizazi cha wanamuziki wa pop huipaka rangi mpya na kuiuza tena: una moyo mzito, basi cheza.

Tumezichukua nyimbo hizo kama zinavyojitangaza, yaani kama dawa, tukazipima. Wimbo unaahidi nini, ndani yake kuna nini, unatumiwaje, na unashindwa wapi? Mtumiaji tuliyemlenga ni mmoja tu. Amenyong'onyea, hana hamu ya kutoka, ana simu, spika ndogo, na nafasi ya mita 2 kwa 2 sebuleni. Aliyekwisha kuchangamka hahitaji uhakiki huu, kwa sababu wimbo wowote wenye ngoma utamtosha.

Tuseme mapema tunakosimama. Nyimbo zinazoikubali huzuni katika maneno na kuiachia ngoma kazi ya kuinua mwili hufanya kazi vizuri kuliko zile zinazomwamuru msikilizaji afurahi. Sababu zake zimo ndani ya rekodi zenyewe, na nyingi zinahesabika.

Wimbo tunaouweka juu ya mingine yote ni "Dancing On My Own" wa Robyn, msanii wa Sweden, uliotoka mwaka 2010. Aliuandika pamoja na Patrik Berger. Kisa chake ni kifupi. Mwanamke amesikia kwamba aliyekuwa mpenzi wake ana mwingine, naye amekwenda ukumbini kujionea kwa macho yake. Amesimama pembeni, anawaona wakibusiana, wao hawamwoni, naye anaendelea kucheza peke yake. Basi. Hakuna ubeti unaomwahidi kwamba kesho atapona, wala rafiki anayekuja kumshika mkono na kumtoa pale. Mwenye huzuni anayesikiliza haambiwi kwamba hisia zake ni kosa linalotakiwa kusahihishwa.

Sasa sikiliza kilicho chini ya maneno. Tangu sekunde za kwanza kuna besi ya sinthesaiza inayonguruma kwa mpigo wa haraka unaojirudia, na kasi haitetereki mpaka mwisho. Kasi yenyewe ni mapigo 117 kwa dakika. Nambari hiyo ina maana mwilini: watafiti wa mazoezi hukadiria hatua 100 kwa dakika kuwa mwanzo wa zoezi la wastani, ule mwendo wa kutembea haraka ambao bado unakuruhusu kuongea. Ukikanyaga kila pigo la wimbo huu umeshauvuka mpaka huo bila kukimbia. Ukicheza kwa dakika 4 na nusu unapata hatua zaidi ya 520, na akili yako muda wote imeshughulika na kisa cha yule mwanamke, haihesabu mazoezi. Tuni nayo ni ya meja, mizani ambayo masikio ya wengi huisikia kuwa ya uchangamfu. Maneno yanalia huku sauti zinang'aa, na kati ya hizo mbili mtu anapata nafasi ya kusimama akiwa na huzuni yake na bado mguu ukaenda.

Namna ya kuucheza: katika ubeti wa kwanza usicheze. Simama miguu ikiwa na upana wa mabega, magoti yalegee kidogo, hamisha uzito kutoka mguu mmoja hadi mwingine, mara moja kwa kila mapigo mawili. Mikono iache ining'inie. Kiitikio kinapoingia, anza hatua ya kugusa: mguu wa kulia nenda kulia, wa kushoto ufuate na kugusa sakafu kando yake bila kuubeba uzito, kisha rudi upande wa pili. Hatua hiyo inachukua mapigo mawili kwenda na mawili kurudi. Katika kiitikio cha pili iongeze mabega na mikono, na badala ya kugusa, kanyaga kabisa, ili sasa kila pigo lipate mguu wake. Usianze na mikono. Mtu mwenye moyo mzito akianza na mikono huona anaigiza, na akiona anaigiza huacha.

Sehemu ya hatari iko baada ya kiitikio cha pili, pale maneno yanaposema taa zimewaka, muziki umekufa, nimekuja kuaga tu. Mpangilio wa ala unapungua, na mtu aliyekuwa anabebwa na ngoma hujikuta amebaki na maneno matupu. Wengi hukaa chini hapo. Dawa yake ni ndogo: hamisha uzito kama ulivyofanya mwanzoni, shusha mabega, pumua nje taratibu, na usiiguse simu. Ngoma ikirudi inarudi kwa nguvu kuliko mwanzo, na kurudi huko ndiko kunakouinua wimbo wote. Ukikaa katika pengo lile utakuwa umeyapata maneno ya huzuni na kuikosa tiba.

Angalia pia toleo unalolichagua. Kuna toleo la albamu linalokaribia dakika 5 na toleo la redio lisilofika dakika 4. Chukua la albamu, kwa kuwa mwili wa mtu aliyekaa siku nzima unahitaji dakika mbili za kwanza kuzinduka tu. Halafu kuna toleo la Calum Scott, Mwingereza aliyeuimba katika shindano la vipaji la televisheni mwaka 2015 na kuutoa mwaka 2016, ukapanda hadi nafasi ya 2 katika chati ya Uingereza. Ameyabakisha maneno, akaondoa ngoma, akaweka piano na mwendo wa polepole. Ni uimbaji mzuri, lakini kwa kazi tunayoizungumzia haufai kabisa. Kilichobaki ni mtu anayelia pembeni ya ukumbi, hana tena cha kuchezea. Ukitaka uthibitisho kwamba uponyaji ulikuwa kwenye ngoma, usikilize kisha usikilize toleo hilohilo la Scott lilivyochanganywa upya na DJ Tiësto, aliyelirudishia mapigo. Mwaka 2022 hilo ndilo wachezaji wa besiboli wa Philadelphia Phillies walilolifanya wimbo wa chumba chao cha kubadilishia nguo. Wanaume watu wazima, wanariadha wa kulipwa, wakipandishana morali kwa wimbo wa mwanamke aliyeachwa.

Tukimwacha Robyn, wimbo unaomfuata kwa uzito ni "Alors on danse" wa Stromae. Wasomaji wa Bujumbura, Kigali, Goma na Bukavu wanaujua vizuri, na wanamjua mwenyewe: Mbelgiji aliyezaliwa mwaka 1985, baba yake Mnyarwanda aliyeuawa katika mauaji ya kimbari ya 1994. Alitumbuiza Kigali mwaka 2015. Wimbo ulianza kusikika mwaka 2009 na mwaka uliofuata ukazizunguka kumbi za Ulaya nzima.

Maneno yake yamejengwa kama mnyororo, kila pete inaivuta nyingine. Ukisema masomo umesema kazi, ukisema kazi umesema pesa, pesa ni matumizi, mkopo ni deni, deni ni dalali wa mahakama mlangoni. Mapenzi yanaleta watoto, ndoa ya milele inaleta talaka, ndugu wanaleta misiba. Basi tunatoka ili tusahau, basi tunacheza. Na hapo ndipo Stromae anapofanya jambo ambalo wauzaji wengine wa dawa hii hawathubutu kulifanya: anaonyesha dawa ikigoma. Unapodhani umeshatoka shimoni, unaambiwa bado yapo mengine. Baadaye msikilizaji anaulizwa kama kinachomshika tumboni na kichwani ni muziki au ni matatizo, na jibu linabaki limechanganyika. Anaomba kikome, hakikomi, anapiga kelele zaidi.

Kwa mapigo takribani 120 kwa dakika na mlio ule kama wa saksafoni unaojirudia mwanzo hadi mwisho, mwili unaona raha ya mzunguko. Mlio huo una noti chache tu, na baada ya nusu dakika sikio linajua kitakachofuata. Kwa mtu ambaye siku yake haikuwa na mpango, kujua kinachofuata ni pumziko kubwa. Sauti ya Stromae haipandi, anayatamka matatizo kama mtu anayesoma orodha ya madeni. Kwa hiyo usiuchezee kwa nguvu. Nenda mbele hatua tatu na ya nne gusa, rudi nyuma hatua tatu na ya nne gusa, kichwa kikiitikia mlio. Kila mapigo 8 umerudi ulipoanza. Wimbo unafaa zaidi kwa uchovu wa kazi, madeni na mambo ya nyumbani kuliko kwa moyo uliovunjwa na mapenzi. Kasoro yake ni mwisho: unaishia kwenye ujumbe kwamba matatizo bado yapo, hivyo usiuweke wa mwisho katika orodha. Uweke wa kwanza au wa pili.

Upande wa waamrishaji tutapita haraka. "Happy" wa Pharrell Williams (2013) ni kazi ya fundi, kila ala imekaa mahali pake, lakini usikilize kwa makini: unawaambia wapige makofi wale wanaojisikia furaha tayari. Aliyenyong'onyea hajaalikwa. Tena kasi yake ni mapigo 160 kwa dakika. Mwili uliolala hauwezi kukanyaga mara 160 kwa dakika, utaishiwa pumzi kabla ya kiitikio cha pili na kujiona umeshindwa hata kufurahi. Ukiupenda, kanyaga pigo moja na kuliruka moja, upate 80, na uuweke mwisho wa orodha mwili ukiwa umeshapata moto.

"Just Dance" wa Lady Gaga na Colby O'Donis (2008), uliotayarishwa na RedOne, una kasi inayofaa sana, 119, na kiitikio kinachosema cheza tu, mambo yatakuwa sawa. Tatizo liko kwenye beti. Msimulizi amekunywa kupita kiasi, funguo hazioni, simu imepotea, ukumbi unazunguka. Dawa imechanganywa na pombe, na mtu asipotenganisha moja na nyingine huenda akaondoka na ile mbaya. Pombe huupoza mfumo wa fahamu na kuharibu usingizi, na asubuhi yake unyonge huwa mkubwa kuliko uliouacha jana. Wimbo tunaupitisha kwa sharti moja: cheza ukinywa maji.

Sasa "Jerusalema". Master KG wa Limpopo aliutoa mwishoni mwa mwaka 2019 na mwimbaji Nomcebo Zikode. Februari 2020 kikundi cha wachezaji wa Angola, Fenómenos do Semba, kikajirekodi kikiucheza uani, sahani za chakula mkononi, na miezi michache baadaye manesi, mapadri, polisi na wanafunzi wa nchi nyingi walikuwa wanajipanga mistari kuucheza, dunia ikiwa imefungiwa ndani kwa Korona. Rais Cyril Ramaphosa aliwahimiza Waafrika Kusini waucheze Siku ya Urithi, 24 Septemba 2020. Katika maneno yote hayo ya Kizulu hakuna hata neno moja la kumwambia mtu acheze. Ni sala: Yerusalemu ni nyumbani kwangu, unilinde, uende nami, usiniache hapa, mahali pangu si hapa. Msikilizaji wa Kiswahili anashika baadhi yake bila mkalimani.

Kwa nini ulifanya kazi katika mwaka mgumu kiasi kile? Kasi ni karibu mapigo 124, dramu ya besi inapiga kila pigo, na hatua zake zimepangwa ili kila mtu aelekee upande mmoja kwa wakati mmoja. Mguu unagonga sakafu, mwingine unafuata, miguu inavukana, kisha unageuka robo duara na kuanza upya. Baada ya mizunguko 4 umerudi ulipoanza. Hakuna mwenza anayetakiwa, kwa hiyo asiye na mtu hakai pembeni. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015, uliofanywa kwa wanafunzi wa Brazil, ulionyesha kwamba kucheza kwa pamoja kwa hatua zinazolingana kunapandisha uwezo wa kuvumilia maumivu na kuwafanya wachezaji wajisikie karibu, na kwamba kucheza kwa nguvu kunaongeza vyote viwili kwa njia yake. "Jerusalema" unatoa vyote viwili bila kudai ustadi.

Kinachowashinda wanaoanza ni kugeuka. Wanajifunza hatua wakitazama video, wanageuka robo duara, simu inabaki nyuma yao na hawana tena wa kumwiga. Jifunze kwanza hatua bila kugeuka, mara nne mfululizo, ukiitazama video. Zima video, weka sauti peke yake, rudia. Kisha ongeza robo duara, ukichagua kitu ukutani kila upande: mlango, dirisha, kabati, televisheni. Ukipotea usisimame, kanyaga papo hapo mpaka mgeuko unaofuata. Mkiwa watatu au wanne, anayejua zaidi asimame katikati, maana akisimama mbele mgeuko mmoja tu utamweka pembeni na wenzake hawatamwona.

Afrika ya kwetu ilikuwa na mpango huu kabla pop ya Ulaya haijauvumbua. Tabu Ley Rochereau aliimba "Mokolo Nakokufa" miaka ya 1960, akiiwaza siku atakayokufa, na watu wakashikana viuno wakacheza rumba. Wimbo wa rumba ya Kongo wa mtindo wa kawaida una sehemu ya kwanza ya polepole, ambamo mwimbaji anatoa malalamiko yake yote, usaliti, umaskini, msiba, halafu magitaa yanashika seben, ile sehemu ya haraka ya kucheza, na ukumbi unainuka. Bendi za dansi za Tanzania zina mpangilio huohuo, na mwisho wake ni chemko. Kama dawa, mpangilio huu ni bora kuliko wimbo wa pop wa dakika tatu, kwa sababu unampa msikilizaji dakika kadhaa za kukaa na huzuni kabla ya kumtaka ainuke. Mapungufu yake ni ya kimatumizi. Nyimbo nyingi zina dakika 8 hadi 15, na redio pamoja na watu wanaopandisha nyimbo mtandaoni huzikata, mara nyingi kabla ya seben kuchanganya. Kabla ya kupakua, tazama urefu. Rumba ya bendi kubwa yenye dakika 3 imekatwa, na kilichokatwa ndicho ulichokuwa unakitafuta.

Singeli nayo ina maneno ya shida kwa wingi, kodi ya nyumba, mtaa, fitina, na mapigo yanayovuka 200 kwa dakika. Kwa kijana aliyeamka nayo Manzese au Tandale inatibu kweli. Kwa mtu aliyelala kitandani siku mbili ni kama kumwamsha kwa kumwagia maji. Iweke mwisho kabisa, na kanyaga nusu ya mapigo.

Upangaji wa nyimbo una kanuni ambayo wataalamu wa tiba ya muziki wanaitumia tangu miaka ya 1940: anza na muziki unaofanana na hali ya mgonjwa, kisha umvute hatua kwa hatua kuelekea unakotaka afike. Kwa vitendo ni nyimbo nne, dakika 16 hadi 20. Ya kwanza iwe na kasi ya chini ya 105 na maneno yanayoeleweka na huzuni yako, rumba ya polepole inafaa. Ya pili "Alors on danse" au amapiano, ambayo mengi huenda mapigo 110 hadi 115. Ya tatu Robyn. Ya nne "Jerusalema" au chemko la bendi unayoipenda. Ukimaliza usikae ghafla. Tembea chumbani dakika mbili au tatu ili moyo ushuke taratibu, kunywa maji.

Mambo yanayoharibu kazi ni madogo na yanajirudia. Kwanza ni spika ya simu. Spika ile ni ndogo mno kuzitoa sauti nzito, na nguvu ya dramu ya besi iko chini kabisa, kwenye hezi 50 hadi 100. Simu inakupa maneno na vinanda, inakunyima ngoma, na tumeshaona kinachotokea wimbo wa Robyn ukinyimwa ngoma. Tumia spika ya nje hata ya bei ndogo, iweke sakafuni ukutani au kwenye kona, maana ukuta na kona huongeza besi. Au tumia hedifoni zinazofunika masikio. Usiweke simu ndani ya sufuria ukidhani umeongeza besi. Kilichoongezeka ni mlio wa katikati na mwangwi.

Pili ni matangazo. Ukicheza kutoka YouTube ya bure, tangazo likiingia kati ya wimbo wa pili na wa tatu mwili unapoa na mkono unakwenda kwenye simu, na mkono ukishafika kwenye simu unakuta ujumbe wa mtu yuleyule uliyekuwa unajaribu kumsahau. Pakua nyimbo kwa njia halali ukiwa na mtandao, zipange, weka simu katika hali ya ndege, igeuze kifudifudi. Kwa mwenye kubana bando, sauti pekee ya dakika 4 na nusu katika ubora wa kilobiti 128 ni kama megabaiti 4.3, wakati video ya wimbo huohuo inakula mara kadhaa ya hiyo.

Tatu ni sakafu na miguu. Saruji tupu inaumiza magoti ukirukaruka, kwa hiyo kanyaga bila kuruka. Soksi kwenye vigae zinateleza. Viatu vya mpira vyenye meno vinashika mno wakati wa kugeuka. Mwili unazunguka, mguu unabaki, goti linapokea msokoto. Miguu mitupu kwenye mkeka uliobanwa, au raba zenye soli laini iliyolika kidogo, ndiyo inayofaa.

Nne ni mazoea. Wimbo mmoja ukiuchezea kila siku utachuja, sikio litaacha kusubiri ngoma irudi kwa sababu limeshazoea. Badilisha wimbo wa kwanza na wa nne kila wiki, wa katikati uache, maana miguu yako imeshaujua.

Kuhusu nguvu ya dawa yenyewe: uchambuzi uliochapishwa katika jarida la BMJ mwaka 2024, uliokusanya majaribio 218 ya mazoezi na sonona, uliona kucheza dansi kukishusha dalili kwa kiasi kikubwa, lakini majaribio ya dansi yalikuwa machache sana ndani ya hayo 218, kwa hiyo yachukuliwe kwa tahadhari. Shirika la Afya Duniani linapendekeza dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki kwa mtu mzima. Orodha yetu ya dakika 20 ukiicheza mara 5 inakupa 100, zilizobaki tembea. Na hakuna wimbo hata mmoja katika hizi unaofaa kuchukua nafasi ya daktari. Unyonge ukivuka wiki mbili mfululizo, chakula na usingizi vikivurugika, vitu ulivyovipenda vikikosa ladha, nenda kituo cha afya na useme hivyohivyo. Yakija mawazo ya kujidhuru usisubiri wiki mbili: mwambie mtu aliye karibu nawe sasa, akupeleke hospitali. Kucheza kunaweza kuendelea pamoja na matibabu.

Mwenye matatizo ya moyo, shinikizo la damu lisilotulia au ujauzito uliopewa masharti amuulize mhudumu wake kwanza. Mwenye magoti mabovu au asiyeweza kusimama acheze akiwa ameketi: visigino vigonge mapigo, mabega yafuate, mikono ipande katika kiitikio. Robyn na Stromae wanachezeka kitini bila kupoteza kitu kikubwa. "Jerusalema" unapoteza migeuko, na migeuko ni nusu ya utamu wake, kwa hiyo hapo chagua chemko.

Ukiwa na nafasi ya kupakua wimbo mmoja tu, pakua "Dancing On My Own", toleo la albamu la 2010, ucheze mara mbili mfululizo: mara ya kwanza sikiliza maneno na uhamishe uzito tu, mara ya pili kanyaga kila pigo.